Nyumba Inayomngoja Mtoto
Somo juu ya kuasili mtoto wa nchi ya mbali



Katika mafundisho yetu juu ya jamaa ya Kikristu tumezoea kusema habari za baba na mama, na za watoto waliozaliwa nao. Leo tutasema habari za nyumba ya namna nyingine. Ndani yake wamo bwana na bibi, kimo kitanda kidogo kilichokwisha kutandikwa, zimo nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri. Lakini mtoto mwenyewe hayumo. Yuko ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo pengine wale wawili hawajaikanyaga bado. Wao wana picha yake na jina lake. Yeye hajui lolote juu yao. Nao wanangoja, mwezi baada ya mwezi, na mara nyingine mwaka baada ya mwaka.

Jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani. Watoto wengi waliongojwa hivyo Ulaya na Marekani wametoka katika bara letu: Ethiopia, Congo, na nchi nyingine za jirani. Wale ng'ambo ni nyumba inayompokea mtoto. Sisi tu nyumba anakotoka. Kwa hiyo yatupasa kulichungua jambo hili sawasawa, tujue Kanisa linafundisha nini, sheria zinataka nini, na wajibu wetu ni upi.

1. Kulea na kuasili si kitu kimoja

Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu ya tangu zamani, na ni desturi njema. Baba akifa, baba mdogo huwachukua watoto. Mama akifa, bibi au shangazi huwapokea. Hakuna hakimu anayeitwa, wala karatasi inayoandikwa. Mtoto hubaki na jina la ukoo wake, hujua kaburi la baba yake, na akikua huweza kurudi kwa wajomba zake bila kuulizwa neno. Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi hiyo imefanyika katika nyumba zetu bila majivuno.

Kuasili ni jambo jingine. Hapo hakimu hutoa amri, na kwa amri ile mtoto hutoka katika jamaa moja na kuingia katika nyingine. Hupata jina jipya, na haki ya kurithi sawa na mtoto aliyezaliwa nyumbani mle. Wazazi wake wa kwanza huacha haki zao zote juu yake, na wajibu wao pia. Tena tendo hili ni la daima. Halina mwaka wa kurudi wala likizo ya kuja kusalimu, isipokuwa kwa hisani ya wazazi wapya.

Tofauti hii yapasa kukaririwa, kwa maana hapo ndipo penye shimo ambamo watu wengi wametumbukia. Mama maskini wa kijijini huambiwa kwamba mtoto wake atakwenda Ulaya. Naye, akifikiri kwa desturi yake mwenyewe, huelewa kwamba mtoto anakwenda kulelewa na kusomeshwa, kisha atarudi akiwa mtu mzima mwenye elimu. Hutia kidole katika wino na kukibandika karatasini. Lakini karatasi ile yasema jambo jingine kabisa.

Kanisa nalo hulitambua tendo la kuasili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 110, husema kwamba watoto walioasiliwa kufuatana na sheria ya serikali huhesabiwa kuwa watoto wa wale waliowaasili. Majina ya wazazi hao huandikwa katika kitabu cha ubatizo. Na kanuni ya 1094 huzuia ndoa baina ya mzazi na mtoto aliyemwasili, na baina ya ndugu waliofanywa ndugu kwa kuasiliwa. Basi mbele ya Kanisa undugu huu si mchezo wala si jina tu.

2. Mtoto ni zawadi, si deni

Wengi wanaotaka kuasili ni watu waliooana kwa miaka mingi bila kupata mtoto. Uchungu wao Kanisa linaujua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2379, huwaambia kwamba kukosa mtoto si ubaya kamili, na kwamba waliokwisha kujaribu matibabu yote halali bila kufaulu waweza kuyaunganisha mateso yao na Msalaba wa Bwana, na kuonyesha ukarimu wao kwa kuwaasili watoto walioachwa au kwa kuwatumikia wenye shida. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha hayohayo mwaka 1981 katika waraka wake juu ya jamaa, na Baba Mtakatifu Fransisko aliyarudia mwaka 2016 katika Amoris Laetitia, akiwasifu waasilio, na akitaka pia sheria zinazozuia biashara ya watoto.

Lakini ipo namba nyingine iliyo kabla ya hiyo, nayo isisahauliwe. Namba 2378 hufundisha kwamba mtoto si kitu ambacho mtu anamdai Mungu wala wanadamu. Mtoto ni zawadi. Ni mtu mwenyewe, mwenye haki zake. Hapa pana ufunguo wa somo letu lote. Swali la kwanza katika kuasili siyo, “Nani atawapa bwana na bibi hawa mtoto?” Swali la kwanza ni, “Nani atampa mtoto huyu baba na mama?” Nyumba inayouliza swali la pili inatenda kazi ya Mtakatifu Yosefu, aliyempokea Mtoto asiyemzaa, akampa jina, akamfundisha kazi, wala hakudai kumiliki uhai wake.

3. Njia iliyo ndefu

Tutazame sasa jinsi mambo yanavyokwenda katika nchi moja ya Kikatoliki, yaani Italia, ambayo ni miongoni mwa nchi zilizopokea watoto wengi kutoka ng'ambo. Sheria ya huko ya mwaka 1983, iliyorekebishwa mwaka 1998, iliwataka bwana na bibi wawe wameoana, nao wakae pamoja kwa miaka isiyopungua 3. Kwa kawaida umri wao nao huwa na mipaka: wamzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 18 wala isiyozidi 45. Hupeleka ombi kwa mahakama ya watoto. Ndipo watumishi wa ustawi wa jamii huwatembelea na kuwauliza habari za ndoa yao, afya yao, mapato yao, na hasa sababu ya kutaka mtoto. Hakimu akiridhika huwapa hati ya kufaa.

Lakini hati ile haiwapi mtoto. Hapana budi watafute chama kilichoruhusiwa na serikali kushughulikia mambo hayo katika nchi fulani, na kupeleka huko makaratasi yao yakiwa yamefasiriwa na kupigwa mihuri. Kisha hungoja, mpaka siku moja waitwe na kuonyeshwa picha. Kuanzia siku ile kungoja kwao hubadilika. Zamani walimngoja mtoto yeyote. Sasa wanamngoja huyu.

Kwa nini njia iwe ndefu hivyo? Sababu imo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, uliokubaliwa na nchi nyingi ili kuwalinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Kanuni zake ni nyepesi kueleweka. Kwanza, mtoto akae na jamaa yake mwenyewe ikiwezekana. Pili, isipowezekana, atafutiwe jamaa katika nchi yake. Tatu, ikikosekana jamaa ya kufaa huko, ndipo aweza kupelekwa nchi nyingine. Ridhaa ya mzazi iwe ya hiari, iandikwe, isinunuliwe kwa fedha. Na ridhaa ya mama isitolewe kabla mtoto hajazaliwa. Tena mtu yeyote asipate faida isiyo halali. Kila muhuri unaomchosha bwana na bibi kule Italia waweza kuwa mlango unaomlinda mama fulani huku kwetu.

4. Habari za Congo

Tarehe 25 Septemba 2013 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Congo ilisimamisha hati za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Ilitaja hofu kwamba watoto wengine hutendewa vibaya huko waendako, au hukabidhiwa watu wengine. Na mashaka yalikuwapo pia juu ya ukweli wa makaratasi. Congo wakati huo ilikuwa haijajiunga na Mkataba wa Hague.

Mamia ya jamaa za Marekani, Italia, Ufaransa, Ubelgiji na kwingineko zilijikuta katika hali ngumu kuliko kungoja kwa kawaida. Mahakama za Congo zilikuwa zimekwisha kutoa amri. Kwa sheria watoto wale walikuwa ni wao. Hata hivyo hawakuweza kuvuka mpaka. Zaidi ya jamaa ishirini za Italia zilikuwa zimesafiri hadi Kinshasa kuwachukua watoto wao mwishoni mwa mwaka 2013. Walikaa nao majuma kadhaa, wakawalisha, wakawalaza. Kisha muda wao wa kukaa nchini ukaisha, nao walirudi kwao mikono mitupu. Tarehe 28 Mei 2014 ndege ya serikali ya Italia ilileta Roma watoto 31. Wengine hawakupata bahati hiyo. Hati za watoto 69 zilitolewa Novemba 2015, na za wengine wapatao 150 katika Februari 2016. Aliyeachwa akiwa wa miezi sita alikuwa sasa anakaribia miaka mitatu.

Tuseme nini juu ya serikali ile? Wako waliolia kwamba ni ukatili. Lakini mwaka 2017 magazeti ya Ubelgiji yalifunua habari za watoto wa Congo waliokwisha kuasiliwa huko kama yatima, kumbe wazazi wao walikuwa hai, katika upande wa Gemena, nao walikuwa wameambiwa kwamba watoto wanakwenda Kinshasa kwa mapumziko ya shule. Wazazi wale wa Congo walibaki wakimngoja mtoto asiyerudi. Na bwana na bibi wa Ubelgiji, waliompokea kwa moyo safi, waligundua kwamba furaha yao ilijengwa juu ya machozi ya mtu mwingine bila wao kujua.

Basi katika jambo hili nyumba zinazongoja ni mbili. Huonekana ile yenye kitanda kipya. Ile nyingine haionekani.

5. Milango inayofungwa

Congo haikuwa peke yake. Kenya, iliyojiunga na Mkataba mwaka 2007, iliwazuia wageni kuwaasili watoto wake mwezi wa Novemba 2014. Bunge la Ethiopia lilipiga marufuku jambo hilo Januari 2018. China, ambayo tangu mwaka 1992 iliwatoa watoto zaidi ya 160,000 kwa nchi za ng'ambo, ilisimamisha safari hizo mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mwezi wa Septemba 2024 ikatangaza kwamba imekoma, isipokuwa kwa wageni wanaowaasili watoto wa ndugu zao au watoto wa wenzi wao. Mamia ya jamaa za Marekani zilizokuwa zimepewa jina na picha ya mtoto, nazo zimengoja miaka minne, zilipata jibu la hapana.

Korea ya Kusini ndiyo iliyotangulia katika mambo haya, baada ya vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Mwezi wa Machi 2025 Tume yake ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba serikali zilizopita zilivunja haki za watoto waliopelekwa ng'ambo: wengine waliandikwa yatima hali wazazi wao walijulikana, wengine walipewa majina ya watoto wengine. Watu wazima wa leo, wenye miaka hamsini na sitini, wanamtafuta mama kwa karatasi ya uongo.

Marekani, ambayo mwaka 2004 ilipokea watoto wapatao 23,000 kutoka nchi za nje, haikufikisha 1,500 katika mwaka 2023. Hesabu hiyo yaweza kutufurahisha au kutuhuzunisha, kadiri tunavyoitazama. Ikiwa watoto wanaobaki wamepata jamaa katika nchi zao, Mungu asifiwe. Ikiwa wamebaki tu katika makao ya yatima, wakilala safu kwa safu, wala hakuna awaitaye kwa jina la nyumbani, hapo hatuna la kujivunia. Mlango uliofungwa kwa haki lazima ufuatwe na mlango mwingine uliofunguliwa. Serikali inayochunguza ichunguze upesi. Kwa mtu mzima mwaka mmoja ni mwaka mmoja, bali kwa mtoto wa miaka miwili ni nusu ya maisha yake.

6. Hukumu ya Sulemani

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 3, twasoma habari za wanawake wawili waliomgombania mtoto mmoja mbele ya mfalme Sulemani. Mfalme alipoagiza upanga, mmoja alikuwa tayari kumwachilia mwenzake mtoto ili mtoto apate kuishi. Kwa kukubali kumkosa alijulikana kuwa ndiye mama.

Hicho ndicho kipimo cha nyumba inayongoja. Bwana na bibi Wakristu wanaosali kila usiku mtoto wao afike, hapana budi waongeze sala nyingine iliyo ngumu: ya kwamba, ikiwa mama yake yu hai na anamtaka, basi apatikane. Aliyeweza kusali hivyo kwa kweli amekwisha kuwa mzazi, hata kama kitanda chake kitabaki kitupu. Na asiyeweza bado, aombe neema. Maana sala hiyo haitoki katika nguvu za kibinadamu.

Vilevile tumtazame Musa (Kutoka, sura ya 2). Binti Farao alimwokota majini akamfanya mwanawe. Lakini dada yake Musa alisimama mbali akitazama, na kwa akili yake mama mzazi aliitwa kumnyonyesha. Musa alikulia katika nyumba ya kifalme, wala hakusahau watu wa damu yake. Mungu aliwatumia wanawake wote watatu. Mtoto aliyeasiliwa asifichwe asili yake, kana kwamba ni aibu. Jina la kijiji chake, lugha ya bibi yake, sura ya mama yake kama picha ipo, vyote ni mali yake, naye atakuja kuvidai.

7. Sisi yatupasa nini

Kwanza, umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na mama yake. Mjane akishindwa kulisha watoto, dawa ya kwanza ni kumsaidia mjane. Jumuiya ya Kikristu inayochanga debe la mahindi na ada ya shule imezuia machozi ya miaka hamsini.

Pili, mtu yeyote asitie sahihi wala kidole katika karatasi ya mtoto asiyoielewa. Aende kwa afisa wa Ustawi wa Jamii, au amwombe paroko au katekista amsomee neno kwa neno. Ajaye na haraka na fedha mkononi, huyo atiliwe mashaka.

Tatu, kwa wale wa nchi yetu wenyewe wanaongoja. Wako wengi, nao huona haya kusema. Wapendwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawaruhusu kuasili, kwa kupitia Ustawi wa Jamii na kwa amri ya mahakama. Msikubali njia ya kificho, ya kupewa mtoto hospitalini usiku na kuandikiwa cheti cha uongo kana kwamba mmemzaa. Njia ile huonekana fupi, nayo humwibia mtoto ukweli wake. Haraka haraka haina baraka.

Nne, mtoto aliyeasiliwa asiitwe “wa kuokota” wala asitengwe wakati wa kugawana urithi. Mababu na mabibi, mashangazi na wajomba, neno lenu moja jikoni laweza kubomoa lililojengwa kwa miaka kumi. Mtakatifu Paulo atufundisha kwamba sisi sote tu wana wa Mungu kwa kufanywa wana. Hakuna kati yetu aliyeingia katika nyumba ya Baba wa mbinguni kwa haki ya kuzaliwa, sote tulipokelewa. Amdharauye mtoto wa kuasiliwa amesahau ubatizo wake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

(1) Kuna tofauti gani kati ya kulea mtoto wa ndugu na kumwasili mtoto mbele ya mahakama?
(2) Je, katika kijiji au mtaa wetu yuko mjane au bibi anayelea wajukuu peke yake? Tumemsaidia nini mwezi huu?
(3) Tumewahi kumwumiza kwa maneno mtu asiye na mtoto, au mtoto asiye wa damu yetu?
(4) Ingekuwa sisi tunangoja, tungeweza kusali sala ile ya mama wa mbele ya Sulemani?

Jioni ya leo, mnapokusanyika kwa Rozari, mtoleeni Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu fungu moja kwa ajili ya nyumba zote zinazomngoja mtoto, zile zenye kitanda kipya na zile zilizobaki na kitanda kitupu.

Tumsifu Yesu Kristu.